Mihogo Michanga ya Mama Skola

Mama Skola alizikwa Kitahana wiki mbili zilizopita, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioombwa kusema neno. Mshereheshaji alinitambulisha kama mwakilishi wa ofisi ya kilimo, akanong'ona kwamba nisiseme mengi kwa sababu mvua inakuja. Nikasimama, nikasema marehemu alikuwa mkulima hodari na mtu wa watu, nikaketi. Ndivyo walivyosema na wote walionitangulia: alikuwa mkarimu, mlango wake haukufungwa, mkono wake ulikuwa mwepesi kutoa. Hakuna aliyegusia mwaka ule. Simlaumu mtu, msibani hatufukui ya kale. Lakini nikirudi Kasulu, kwenye lami ambayo zamani zile haikuwapo, nilijikuta nimekasirika, na mtu wa umri wangu akikasirika peke yake ndani ya gari hana wa kumtolea hasira isipokuwa gia. Nimebakiza muda mfupi nistaafu, na nimechoka. Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mtu wa kwenda kwa watu kuwaambia kwamba shamba lao ni gonjwa na ling'olewe. Kazi hiyo niliianzia kwa mama yule, nikilala nyumbani kwake na kula ugali wake.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza cheti cha kilimo na kukaa Kagerankanda nikisubiri ajira, mpaka nikaanza kuonekana kama sehemu ya samani. Mradi mmoja wa mihogo ukanichukua kuwa msaidizi. Ofisi yake ilikuwa nyumba ya kupanga nyuma ya soko la Kasulu: sebule ndiyo ofisi, chumba kimoja ni cha Bwana Magesa, mkuu wetu, na kingine tulikiita maabara. Ndani ya maabara hiyo kulikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, friji ya mafuta ya taa iliyokuwa ikikohoa, chupa za spiriti, na majani ya mihogo yaliyolazwa kati ya magazeti na kukandamizwa kwa mawe. Mwenye chumba alikuwa Dada Imelda, fundi sanifu wa maabara kutoka Bukoba, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kuusamehe mkoa wetu kwa kula ugali wa muhogo. Alijipikia ndizi kila siku. Harufu ya ndizi, mawese na spiriti ziliingiliana kiasi kwamba mpaka leo nikisikia harufu ya spiriti hospitalini, njaa inaniuma.

Hatukuwa na mashine ya kupimia virusi. Kazi yetu ilikuwa kuchuma majani, kuyakausha, kuyapa namba na kuyatuma pwani kwenye maabara kubwa, halafu kungoja. Katika kungoja huko ndiko Imelda alikonifundisha, kisu mkononi na ndizi mapajani, mambo ambayo chuoni niliyapita kwa kukariri. Siku hizi hata mtoto wa darasa la pili anasema kirusi, tangu ile korona, tena anajua kukichora kikiwa na miiba. Wakati ule nikisikia neno kirusi nilimwona mdudu mdogo sana mwenye miguu. Imelda alicheka. Akasema kirusi hakina mguu, hakina mdomo, hakina tumbo wala hakipumui. Ni maelekezo yaliyofungwa ndani ya ganda la protini, basi, hakuna kingine. Seli ya jani ina jiko lake, kuni zake na chakula chake. Kirusi hakina hata jiwe la kuinjikia sufuria. Kina maelekezo tu ya namna ya kutengeneza kirusi kingine kama chenyewe. Kikiingia ndani ya seli, jiko linageuzwa, linapika virusi mpaka kuni zinaisha. Nilimuuliza, sasa kitu kama hicho ni kizima au kimekufa. Akanijibu kwamba hilo nikamuulize mchungaji wangu, yeye analipwa kwa ajili ya majani.

Siku nyingine alinichorea virusi viwili pembeni mwa gazeti. Cha kwanza kilikuwa cha batobato, ugonjwa uliokuwa ukikunja majani ya mihogo na kuyatia mabaka ya njano mkoa mzima. Alikichora kama vipira viwili vilivyogandana, mapacha, na ndani yake maelekezo ya aina ya DNA yaliyozunguka kama pete. Cha pili kilikuwa cha michirizi ya kahawia, na hicho ni uzi mrefu mwembamba unaojipinda, na maelekezo yake ni ya aina nyingine, RNA. Vyote hubebwa na inzi weupe walewale, vyote husafiri ndani ya shina mtu anapokata pingili na kuipanda kwingine, vyote huua muhogo uleule. Mimi nikasema basi ni ndugu. Imelda akasema hapana, hawana hata babu mmoja, ni kama yeye na mimi tunavyokaa nyumba moja. Mkulima hupanga magonjwa kwa namna yanavyomuumiza, alisema, lakini wataalamu hupanga virusi kwa aina ya maelekezo yaliyo ndani, kwa umbo la ganda, na kwa namna vinavyozaliana. Halafu akaongeza jambo nililolisikia kwa sikio moja tu. Kipimo cha maabara, alisema, hakioni kila kitu kilichomo ndani ya jani. Kinatafuta kile tu ulichokituma kukitafuta. Ukimtuma mtu sokoni akatazame kama kuna chumvi, atarudi akwambie hakuna chumvi, na wala hatakwambia kwamba samaki walikuwapo. Sisi Kigoma tulikuwa tukikituma kutafuta batobato tu. Michirizi ilijulikana kama ugonjwa wa watu wa pwani, na wakubwa walisema haipandi milimani.

Kazi ya shambani ilinipeleka Kitahana, kule Kibondo, na huko nikapangiwa kulala kwa Mama Skola. Jina lake kamili lilikuwa Skolastika, mjane aliyezaliwa Burundi na kuletwa huku mgongoni mwa mama yake. Chumba alichonipa kilikuwa na kitanda cha kamba na dirisha la ubao lililotazama jikoni, hivyo kila lililosemwa jikoni nililisikia, nipende nisipende. Asubuhi nilisikia mchi, halafu wimbo wa kanisani, halafu watoto wa marehemu dada yake wakigombea makoko ya ugali. Alitupikia ugali wa muhogo mweupe unaovutika, sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa ikalainika na kutiwa mawese, maharage, na siku ya bahati samaki wa ziwani, migebuka iliyokaushwa. Mihogo ya kuchemsha ndiyo iliyokuwa fahari yake. Ilikuwa midogo, mitamu na laini, isiyo na kamba ndani, na aliileta kwenye sinia kabla hujapata muda wa kukataa. Nyumba yake ilikuwa njiani, na kila aliyetoka au kwenda kwenye kambi ya wakimbizi kuuza nguo, sabuni au mafuta alijua kwamba pale kuna maji na kitu cha kutafuna. Kwa wingi wa midomo hiyo mihogo yake haikuwahi kuzeeka ardhini. Kabla mwaka haujatimia ilikuwa imekwisha kung'olewa na kuliwa.

Kilichompa jina zaidi ni mbegu. Kwetu pingili za muhogo haziuzwi. Unakwenda kwa mwenye shamba zuri, unasalimia, unakaa, unaulizwa habari za wazee, na ukiaga unakatiwa mzigo wa mashina. Ukivuna, unampelekea aliyekupa kikapu cha kwanza aonje. Mbegu ya Mama Skola ilikuwa ya shina jekundu. Mama yake aliibeba kutoka ng'ambo imeviringishwa kwenye mkeka, wakati watu wengine walibeba vyungu. Mlima ule wote uliipanda. Waliokuwa wanarejea Burundi walipita kwake kuaga na kuondoka na mashina begani. Sijawahi kumwona mtu anayefurahia kuombwa kama yule mama. Uso wake ulikuwa ukichanua kabisa, akachukua panga kabla hujamaliza sentensi.

Halafu mihogo ya watu ikaanza kuoza. Wa kwanza alikuwa Fidelis, jirani wa shamba la chini, kiongozi wa kwaya, mtu mwenye mwili mkubwa na maneno machache. Yeye aliiacha mihogo yake ikae muda mrefu ili inenepe, kwa sababu alitaka kusaga unga mwingi apate kuezeka nyumba. Siku ya kuing'oa nilikuwapo. Kwa nje ilikuwa mikubwa, ya kupendeza. Alipoikata, ndani ilikuwa na madoa ya kahawia makavu kama gome, sehemu nyingine nzima imekuwa gome. Akakata mwingine, na mwingine, na mkewe akaanza kulia kabla ya yeye kusema lolote. Hata nguruwe waliisusa. Baada ya hapo tukasikia kwa mwingine na kwa mwingine, na kila tulipouliza mbegu ilitoka wapi, jibu lilikuwa lilelile. Majani hayakuwa na batobato. Yale ya chini yalikuwa na unjano kidogo, lakini jani la chini likiwa la njano nani anashangaa, sote tulidhani ni uzee. Na kwa Mama Skola mwenyewe, kwenye sinia lake, mihogo iliendelea kuwa myeupe.

Maneno niliyasikia kupitia dirisha la ubao. Wanawake wawili waliokuja kuazima kinu walisema kwa Kiha, wakidhani nimelala, kwamba huyu anatoa shina halafu anabaki na baraka. Mwezi haukuisha neno lenyewe likatajwa: umurozi. Kwa Kiswahili utasema mchawi, lakini kule neno hilo linabeba zaidi ya uchawi, ni mtu anayetia sumu, mtu ambaye mkono wake hauliwi. Mama Skola alilisikia. Bwana Magesa alipokuja kuchukua majani kwa ajili ya kupima, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba waanzie kwake. Alitaka sana kipimo kile. Aliniuliza kila jioni kama majibu yamekwisha kufika, na nikimwambia bado, anasema ni vizuri, kazi ya kweli haina haraka. Najua sasa alichokuwa akikingoja. Alikuwa anangoja jina lake lirudishwe na mtu ambaye hakuna wa kumbishia.

Majibu yalikuja kwa simu kabla ya Krismasi. Kulikuwa na kichuguu kimoja karibu na zahanati ambapo mtandao ulishika, na Bwana Magesa alisimama juu yake, mkono mmoja sikioni, mwingine ukipunga hewani kwa furaha. Akashuka akitabasamu. Akaitisha watu kwenye darasa moja la shule, akatangaza kwamba wataalamu wamepima majani yote, na kwamba hawakuona kirusi. Shamba la Mama Skola ni safi, alisema, tena akalirudia neno hilo akimgeukia mama, safi kabisa. Alikuwa mtu mwema, Bwana Magesa, na alidhani ameleta zawadi. Mama Skola alipiga makofi mawili matatu, akaona yuko peke yake, akaacha. Fidelis akasimama. Hakupandisha sauti.

"Bwana mtaalamu, nashukuru," alisema. "Kama kwake ni safi, na mbegu ni ya kwake, basi kinachooza kwetu ni kitu gani?"

Bwana Magesa alizungumzia udongo, akazungumzia maji yanayotuama. Udongo wa Fidelis na wa Mama Skola ulitenganishwa na mfereji mmoja. Watu waliondoka taratibu, bila kuaga, na nikamwona mama akikunja kanga yake na kuikunjua, akiikunja tena. Sisi ndio tulioithibitisha hukumu. Kabla ya kipimo kulikuwa na minong'ono, baada ya kipimo kulikuwa na ushahidi. Nimefanya kazi hii muda mrefu na bado sijui jambo la kuogofya kuliko jibu sahihi la swali ambalo hukuliuliza.

Kuanzia hapo hakuna aliyekula kwa Mama Skola. Krismasi alipika kama desturi yake, akatandika mikeka uani, na mikeka ikakaa tupu mpaka jua likahama. Wapita njia walianza kupita upande mwingine wa barabara, na waliosimama kwa adabu walisema wametoka kula. Kanisani walimwachia benchi zima peke yake. Kwetu mwenyeji akileta pombe huonja kwanza yeye mwenyewe, mgeni aone kwamba ni salama; ni adabu ya pombe, haifanywi kwa ugali. Jioni moja aliniletea sahani, akasimama, akamega tonge kutoka kwenye sahani yangu, akachovya kwenye sombe, akala mbele yangu akiniangalia. Nilimwambia, mama, mimi ni mwanao, mwana wanje kama ulivyozoea kuniita kwa Kiha, usifanye hivyo. Akasema afadhali azoee. Tangu siku hiyo alionja kila kitu, hata maji, hata ndizi iliyokuwa bado kwenye ganda lake, na mimi nilikula haraka ili tu jambo lile liishe. Nilikuwa na hasira na mlima mzima, na nilikuwa na miaka michache mno ya kujua niifanyie nini.

Niliporudi Kasulu katikati ya masika nilimsimulia Imelda yote hayo, na kama kijana aliyenyimwa chakula kizuri nikaishia kusifia mihogo ya mama: laini, michanga, haina kamba. Imelda alikuwa akimenya ndizi. Akaniuliza michanga kiasi gani. Nikasema kwake haifikishi mwaka, sufuria yake haisubiri. Akaniuliza, na hao majirani? Nikasema wao huiacha mpaka inenepe, Fidelis alikaribia miaka miwili. Bwana Magesa, aliyekuwa sebuleni akichana mswaki wa mti, akaacha kuuchana. Alikuwa amewahi kufanya kazi pwani, huko Mtwara, na akaja mlangoni akasema polepole kwamba kule watu wenye michirizi shambani hung'oa mihogo mapema kwa makusudi, kwa sababu uozo hufika ukubwani. Muhogo mchanga unakuwa na kirusi mwilini na moyo mweupe. Wakatazamana. Halafu Imelda akasema kile ambacho wote tulikuwa tunakijua, kwamba majani yale yalipimwa batobato tu. Hakuna aliyemtuma mtu kutazama samaki.

Nilirudi Kitahana na maagizo mawili. Kwanza, kuchuma majani upya, safari hii yale ya chini yenye unjano kando ya mishipa, si yale machanga ya juu tuliyozoea kuchuma kwa ajili ya batobato, na kuyatuma kwa upesi ili yapimwe michirizi. RNA haivumilii uzembe, Imelda alisema, inaharibika kama maziwa. Pili, kumwomba Mama Skola aache matuta machache yaliyokwisha kukomaa, asiyaguse mpaka kiangazi. Hilo la pili lilikuwa gumu kuliko nilivyotegemea. Hakuwahi kuacha mihogo ardhini wakati kuna mtoto mwenye njaa, na kile kilikuwa kipindi cha njaa. Lakini aliyaacha. Alizungushia miti ili watoto wasisahau, na alipokuwa akipita hapo na jembe alitazama upande mwingine.

Tuliyachimba mwanzoni mwa kiangazi, Bwana Magesa, mimi na yeye. Alitaka kukata mwenyewe. Aliuweka muhogo wa kwanza juu ya jiwe, akaupiga panga katikati, akaangalia. Ulikuwa na madoa ya kahawia makavu kama wa Fidelis. Alikata wa pili, akakata ya tuta zima, akivipanga vipande kwa mstari kama anayeanika. Majibu ya pwani yalipofika yalisema hivyohivyo: kirusi cha michirizi kimo, kwenye shamba lake na kwenye mashamba yote ya mbegu yake.

Darasa lilijaa kuliko mara ya kwanza. Bwana Magesa alikuja na mihogo ndani ya gunia, michanga na iliyokomaa, yote ya shamba moja la Mama Skola, akaikata mbele yao na kuwapa waipitishe mkono kwa mkono. Alikiri kwamba safari ya kwanza alitangaza zaidi ya alichokuwa anakijua, kwamba walitafuta ugonjwa mmoja na yeye akasema hakuna ugonjwa. Akaeleza kwamba kirusi hiki kinaishi ndani ya shina, hakina harufu, hakina alama ambayo mtu angeijua, na kwamba mama huyu hakuona uozo kwa sababu chakula chake hakikuwahi kungoja. Fidelis alikishika kipande cha kahawia kwa muda mrefu. Nilifikiri sasa yamekwisha. Nikamtazama Mama Skola nikitegemea kuona ule uso wa siku za panga na mashina, na haukuwapo. Alinyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Mbegu walichukua kwa nani?" aliuliza.

"Kwako, mama. Lakini si kosa lako."

"Waliokuwa wananiita umurozi walisema nimewapa ugonjwa kwa mkono wangu. Na wewe umesema nimewapa ugonjwa kwa mkono wangu. Mimi nimeelewa, bwana. Nauliza tu tofauti."

Bwana Magesa alijibu vizuri, kwa heshima, kuhusu kujua na kutojua, kuhusu inzi, na kwamba kirusi hakina nia. Yote yalikuwa kweli, na mimi mwenyewe nimeyarudia katika madarasa mengi tangu siku hiyo. Sijawahi kumaliza kuyasema bila kuona mkono ule umenyanyuka. Mchawi huepukwa kwa maombi au kwa kuhama, lakini kwa mwenye kirusi shambani tulikuwa na dawa moja tu, nayo ilikuwa kung'oa kila shina jekundu mlimani na kulichoma moto, pamoja na mbegu aliyoachiwa na mama yake. Mradi uliahidi mbegu safi kabla ya mvua. Niseme hapahapa kwamba mbegu hizo zilichelewa, zilifika mvua zikiwa zimekwisha kushika, nusu yake zimekaukia kwenye lori, na zilitosha kaya chache. Siku ile ya darasani tuliahidi kwa moyo mweupe.

Mama Skola alisema waanzie kwake. Siku ya kung'oa walikuja kwa ujima, majembe mabegani, hata wale walioazima kinu na kunong'ona. Walifanya kazi asubuhi yote. Mashina yalirundikwa katikati ya shamba, na kwa kuwa yalikuwa bado na utomvu hayakushika moto upesi. Fidelis ndiye aliyepiga magoti na kuyapuliza mpaka machozi yakamtoka kwa moshi. Mihogo michanga iliyokutwa myeupe haikutupwa, maana kirusi cha muhogo hakimdhuru mtu, na mama aliikusanya ndani ya vikapu, akaimenya, akaichemsha yote, akapika na sombe kwenye sufuria kubwa la kanisa. Harufu ya chakula na ya moshi zilifika kwa pamoja. Watu walinawa na kukaa, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza. Mama akainua kijiko aonje, kama alivyokuwa amezoea miezi yote ile. Fidelis alinyoosha mkono, akakichukua kijiko mkononi mwake kabla hakijafika mdomoni, akajipakulia, akala. Hakusema samahani, si mtu wa maneno. Akajipakulia tena. Ndipo sinia zikaanza kuzunguka, na kukawa na kelele ya watu wanaokula, wakitaniana juu ya nani amelima kivivu, na watoto wakalamba mawese vidoleni.

Nilimtafuta mama nikamkuta nyuma ya nyumba, ameketi kwenye gogo, mikono mapajani, akitazama shamba lililobaki udongo mtupu. Nikakaa naye. Nilikuwa na furaha, siwezi kusema vinginevyo, nilikuwa kijana na niliona tumeshinda. Nikamwambia, mama, wanakula. Akasema anawasikia. Akanishika goti.

"Kesho watakuja kuniomba mbegu, mwana wanje," alisema. "Nitawapa nini?"